Jumapili Moja Harajuku: Namna ya Kuutembea Mtaa wa Mitindo wa Tokyo

Ukiitazama ramani ya Tokyo, Harajuku ni kijisehemu tu cha kata ya Shibuya. Ukitaka kukatiza haraka haraka, nusu saa inatosha. Wageni wengi ndivyo wanavyofanya: wanashuka kwenye treni, wanasongamana Mtaa wa Takeshita kama abiria wa daladala ya asubuhi, wananunua pipi ya pamba yenye rangi za upinde wa mvua, wanapiga picha mbili tatu, halafu wanaondoka wakisema mitindo ya Harajuku imekwisha. Mimi naupenda mtaa ule, na inaniuma mtu kusafiri kutoka Dar es Salaam au Mombasa mpaka kule akaishia kuona migongo ya watalii wenzake. Mitindo yenyewe imo vichochoroni na miilini mwa watu, wala huioni kwa kupita. Huu hapa mpangilio wa siku moja ambao mimi mwenyewe huufuata.

Jua kwanza unakwenda kuona nini

Ukienda bila kujua habari za mtaa, utaona rangi tu. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, familia za wanajeshi wa Marekani zilijengewa nyumba mahali palipo sasa na Bustani ya Yoyogi, hatua chache kutoka stesheni ya Harajuku. Eneo hilo liliitwa Washington Heights. Maduka ya kuwahudumia yakafunguliwa kando ya barabara ya Omotesando, na vijana wa Tokyo wakaanza kuja kutazama namna wageni wale wanavyovaa. Ilipofika Olimpiki ya 1964, nyumba zile zikawa kijiji cha wanamichezo, na bustani ikafunguliwa mwaka 1967.

Kisha mwaka 1977 barabara ikaanza kufungwa kwa magari kila Jumapili. Hapo ndipo vijana walipopata uwanja wao. Walikuja na redio kubwa za kaseti, wakacheza kwa makundi, wamevaa nguo pana zinazong'aa. Waliitwa Takenoko-zoku, jina lililotokana na duka la Mtaa wa Takeshita lililouza nguo hizo. Utaratibu wa kufunga barabara ulikomeshwa mwaka 1998, lakini mbegu ilikwisha kuota. Mwaka 1993 wabunifu Nigo na Jun Takahashi walifungua kiduka kilichoitwa Nowhere katika mitaa ya nyuma, na humo zikakulia chapa za nguo za A Bathing Ape na Undercover. Mwaka 1995 msanii Sebastian Masuda akafungua 6%DOKIDOKI, duka la rangi kali na vitu vya kitoto. Mwaka 1997 mpiga picha Shoichi Aoki akaanzisha jarida la FRUiTS, akiwapiga picha vijana barabarani kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, na kuandika kila kimoja alichovaa na kilikotoka. Mwaka 2017 alilisimamisha akisema hapati tena vijana wa kutosha wa kuwapiga picha.

Watu wengi walilichukua tangazo lile kama taarifa ya msiba. Ni kweli umati wa zamani haupo. Wapo wachache, na wachache hao wana ari.

Jifunze mitindo miwili ili uitambue ukiiona. Decora ni wingi wa mapambo: vibanio vya plastiki vya nyota, dubu na stroberi vinavyobanwa nyweleni mpaka nywele hazionekani, bangili mpaka kwenye kiwiko, soksi mbili tatu zimepandishana. Lolita, licha ya jina lake, ni mavazi ya kujisitiri: gauni la marinda linalofunika magoti au kuyakaribia, shimizi nene chini yake ili sketi isimame kama kengele, lesi, soksi ndefu, utepe kichwani. Iko ya rangi tamu, na iko ya Gothic iliyo nyeusi tupu.

Makaratasi, fedha na simu

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Japani, na huombwa ubalozini kabla ya safari. Anza mapema. Ukishaingia, tembea na pasipoti yako halisi kila uendako. Sheria inamtaka mgeni awe nayo, na itakufaa madukani. Duka lenye alama ya kutotoza kodi humwondolea mtalii kodi ya asilimia 10 akinunua bidhaa za yeni 5,000 au zaidi kwa siku moja. Kuanzia Novemba 2026 utaratibu unageuka: unalipa bei yote dukani, kisha kodi unarudishiwa wakati wa kuondoka nchini. Kwa hiyo risiti usitupe.

Kadi hupokewa karibu kila mahali, lakini viduka vya vichochoroni na vibanda vya chakula vingine hutaka noti. Mashine za kutolea fedha zilizomo ndani ya maduka ya Seven-Eleven hukubali kadi nyingi za nje. Kwa treni, nunua kadi ya Suica au Pasmo, unaigusisha getini na kupita. Weka kwenye simu programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera, na ubebe pawa benki.

Jambo moja la kumfurahisha Mswahili: Kijapani kina a, e, i, o, u zilezile tulizonazo, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Maneno utakayoyakuta humu yasome yalivyoandikwa, na mwenyeji atakuelewa.

Siku na saa

Nenda Jumapili. Jumamosi inafaa, siku za kazi utakuta maduka bila watu wake. Maduka mengi hufunguliwa saa tano asubuhi, lakini wewe fika saa tatu. Kuanzia Julai hadi Agosti joto la Tokyo ni la jasho, kama Februari ya pwani, na mwenye shimizi tatu hawezi kulistahimili. Wengi hubaki nyumbani. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yangu, kwa sababu baridi kidogo inaruhusu makoti, na koti ni nusu ya mtindo. Machi hadi Mei pia ni pazuri.

Kufika

Panda treni ya JR Yamanote, yenye ukanda wa kijani kibichi, inayozunguka jiji. Harajuku ni JY19. Kutoka Shibuya ni stesheni moja, kutoka Shinjuku ni mbili. Ukitua Haneda, monoreli itakupeleka Hamamatsucho ambako Yamanote inapita. Ukitua Narita, Narita Express inakufikisha Shibuya au Shinjuku bila kubadilisha treni. Chini ya ardhi ipo stesheni nyingine, Meiji-jingumae, ya njia za Chiyoda na Fukutoshin, ni palepale.

Jengo la zamani la stesheni ya Harajuku, la mbao, lililosimama tangu 1924, usilitafute. Lilivunjwa baada ya stesheni mpya kufunguliwa Machi 2020.

Anza msituni

Usianze na maduka. Toka mlango wa magharibi, kando ya daraja dogo la Jingu, uingie Meiji Jingu, hekalu la Shinto, dini ya asili ya Japani, lililofunguliwa mwaka 1920 kwa heshima ya Mfalme Meiji na Malkia Shoken. Msitu wake wote ulipandwa kwa mkono, miti ipatayo 100,000 iliyochangwa kutoka kila pembe ya Japani. Kuingia ni bure. Ukipita chini ya lango kubwa la mbao, tembea pembeni. Katikati ya njia huachiwa heshima. Saa moja inatosha. Nakwambia uanze hapa kwa sababu Omotesando, barabara kuu ya mitindo, ilitengenezwa iwe njia ya waja kuingia hekaluni. Ukitoka msituni ukauona mstari wa miti ya keyaki ukinyooka mbele yako mpaka mtaa wa Aoyama, unaelewa mtaa umekaaje.

Daraja la Jingu ndipo vijana wa Gothic na Lolita walipokuwa wakikusanyika Jumapili miaka ya 1990 na 2000. Siku hizi ni mara chache.

Mtaa wa Takeshita, dakika ishirini tu

Rudi stesheni, toka mlango wa Takeshita, na mtaa unauona mbele yako ukiteremka. Ni kama mita 350. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni magari hayaruhusiwi, na mchana wa Jumapili hata kugeuka ni kazi. Ukiwahi saa nne na nusu unapita kwa raha, unawaona wauzaji wakipandisha mapazia ya chuma na kutundika nguo.

Kula krepu. Ni ndugu wa chapati ya maji, imekunjwa kama koni, ndani ina malai, matunda, chokoleti. Imeuzwa mtaani hapo tangu miaka ya 1970. Kula umesimama karibu na kibanda, na karatasi irudishie palepale, maana mapipa ya taka barabarani ni machache sana. Beba mfuko wako mdogo wa taka.

Utasikia unaitwa "my brother" au "sister". Ni wanaume wa Kiafrika, wengi wao wa Afrika Magharibi, walioajiriwa kuvutia wateja kwenye maduka ya nguo za hip-hop. Kwa mtu aliyekaa wiki nzima bila kuona sura ya kwao, sauti ile inagusa moyo. Wasalimie vizuri, wako kazini, na wana familia za kulisha. Lakini kama hukupanga kununua, usikubali kupandishwa ngazi hadi dukani. Sema: "Asante ndugu yangu, leo natembea tu," uendelee.

Ukichoshwa na kelele, kata kushoto kuelekea Hekalu la Togo. Mara moja unakuta bwawa, samaki wa rangi na kimya. Naona ni ajabu ya mtaa huu: hatua mia moja tu zinazitenga pipi za pamba na kimya kile.

Kuomba picha

Hapa ndipo nakuomba utulie usome polepole.

Siku yangu ya kwanza nilimpiga picha binti mmoja kwa mbali, kwa siri, nikidhani sina kosa. Aliona. Hakusema neno; aligeuza uso, akainua mwavuli wake wa lesi ukamfunika, akabaki hivyo mpaka nilipoondoka. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kuvaa, na mimi nilikuwa nimemfanya kitu cha maonyesho. Picha ile niliifuta, na aibu yake ninayo hadi leo.

Fanya hivi. Sogea mbele yake, usimtokee kwa nyuma. Inama kidogo, sema *Sumimasen*, yaani samahani. Kisha: *Shashin o totte mo ii desu ka?* Naomba kupiga picha, inawezekana? Akivusha mikono mbele ya kifua kwa alama ya X, au akitikisa kiganja mbele ya uso, amekataa. Shukuru, ondoka. Akikubali, mpe muda.

Muda huo ni sehemu ya picha. Binti wa Decora niliyemwomba karibu na kona ya barabara ya Meiji-dori aliweka mifuko yake ukutani kwanza, akaondoa kitambulisho cha kazi shingoni, akahesabu vibanio vyake kwa kidole kama mtu anayehesabu shanga, akakipandisha kimoja kilichoteleza. Halafu akaelekeza vidole vya miguu ndani, akasimama. Nilipiga nne. Alipoinama kunishukuru, vibanio vyote viligongana vikalia.

Piga mwili mzima, viatu vionekane. Viatu vya Harajuku vinasema mengi: soli imeinuliwa sentimita ngapi, kamba zimebadilishwa rangi gani, soksi imekunjwa wapi. Ukiweza, onyesha vazi moja uulize *Doko no desu ka?*, yaani limetoka wapi. Nyuso huchangamka kwa swali hilo, kwa kuwa mara nyingi jibu ni "nimeshona mwenyewe". Na kabla ya kuiweka mtandaoni, omba idhini tena. Wako wanaosoma au kufanya kazi mahali pasipojua wanavyovaa Jumapili.

Na wewe vaa. Kitenge kilichoshonwa vizuri, au kanga, kitakufungulia mazungumzo kuliko maneno. Katika karne ya 20 kanga nyingi za pwani yetu zilichapwa Japani na kuletwa kwa meli, kwa hiyo nguo hiyo si mgeni kabisa kule. Mara mbili nimeombwa picha mimi, na wote wawili walianza kwa *Sumimasen*.

Laforet

Kwenye njia panda ya Meiji-dori na Omotesando limesimama Laforet, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1978. Ghorofa zake zimepandana nusu kwa nusu, 1, 1.5, 2, kiasi kwamba unapanda bila kujua umefika wapi. Shuka chini kwanza. Huko ndiko utakakoyakuta mavazi ya Lolita na Gothic. Bei ni kubwa. Shika gauni kwa ruhusa, ligeuze, utazame ndani: pindo lililokunjwa mara mbili, lesi iliyoshonwa kwa mstari ulionyooka, zipu iliyofichwa. Kama wewe ni fundi cherehani, nusu saa humo ni darasa.

Ng'ambo ya pili lipo Harakado, lililofunguliwa Aprili 2024, lenye bafu la umma la mtindo wa zamani chini yake.

Mitumba, kiini cha safari

Sasa vuka Meiji-dori uingie mitaa ya nyuma, wanayoiita Ura-Harajuku. Nguo zilizokwisha kuvaliwa wanaziita *furugi*. Mtu aliyelelewa Karume au Gikomba yuko nyumbani hapa, ila kanuni ni nyingine.

Hakuna belo la kupekua. Nguo zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimepangwa kwa aina na mara nyingi kwa rangi. Bei haipatani, kupunguziwa ni mpaka duka lenyewe litangaze. Zingatia lebo: muuzaji huandika kasoro ya nguo waziwazi. *Yogore* ni doa, *ana* ni tundu. Nimeshanunua shati lenye lebo iliyosema kuna doa kwenye pindo la mkono wa kushoto, nikalitafuta dukani dakika tano nzima, nikakuta alama ndogo kama punje ya ufuta.

Anza na Kinji, duka kubwa lililo chini ya ardhi, lenye kila kitu. Kisha Chicago, nakupeleka kwa ajili ya kimono zilizotumika. Mwenye fedha zaidi apite Ragtag, ambako hukaa mitumba ya wabunifu wakubwa.

Kimono nzima ni ngumu kwa asiyejua kuivaa. Nunua *haori*, koti lake la juu. Halina kipimo cha mwili, linamkaa mwembamba na mnene, na linapendeza juu ya gauni la kitenge au juu ya buibui. Likague hivi: fungua ukosi, ndiko mafuta ya shingo yanakoganda. Geuza mikono, utazame kitambaa cha ndani, maana mara nyingi picha nzuri kuliko zote imefichwa humo. Nusa. Harufu ya dawa ya nondo hutoka kwa kuanikwa kivulini siku kadhaa. Ya ukungu haitoki.

Vipimo vya Japani ni vidogo. Nguo ikiandikwa "free size" usiiamini. Jipime kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita kabla ya safari, uandike kwenye simu, na utembee na futi ya fundi. Namba ya kiatu ni urefu wa mguu kwa sentimita, kama 24.5. Wenye miili mikubwa watafute nguo za Kimarekani, ambazo maduka haya yanazo tele. Jinzi, makoti ya kazi na sweta zake zina nafasi.

Kujaribu, sema *Shichaku shite mo ii desu ka?* Vua viatu unapoingia chumba cha kujaribia. Utapewa mfuko mwepesi wa kitambaa wa kufunika uso unapovaa nguo kwa kichwani, ili vipodozi visiishike. Uvae hata kama hukujipaka kitu. Pesa weka kwenye kisahani kilicho kaunta. Na usiache bakshishi.

Ukitoka hapo fuata Cat Street kuelekea Shibuya. Inapindapinda kwa sababu ni mto uliofunikwa; Mto Shibuya unapita chini ya nyayo zako.

Chakula na sala

Kwa Mwislamu, angalia vyakula vyenye nyama, kwani gyoza (vifuko vya unga vyenye nyama) karibu zote zina nguruwe, na supu nyingi za rameni (tambi za Kijapani) vilevile. Jelatini imo kwenye pipi nyingi. Nisemalo kwa furaha ni kwamba msikiti mkubwa kuliko yote Japani, Tokyo Camii, uko karibu sana: panda njia ya Chiyoda kutoka Meiji-jingumae, stesheni ya pili ni Yoyogi-uehara, kisha unatembea dakika chache. Umejengwa kwa mtindo wa Kituruki, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000. Mwanamke aende na mtandio wake. Sali adhuhuri huko, urudi alasiri.

Saa tisa, lango la Yoyogi

Maliza siku kwenye lango la Bustani ya Yoyogi lililo upande wa Harajuku. Jumapili isiyo na mvua huwakuta hapo wacheza rokabili: wanaume wa makamo na wazee, jaketi za ngozi, nywele zimepakwa mafuta zikasimama mbele kama kishungi cha jogoo, muziki wa miaka ya 1950 kwenye spika. Wengine wamekuwa wakicheza papo hapo tangu ujana wao. Simama nje ya duara lao, usilikatize.

Tazama viatu. Lami imevila, navyo vimezungushiwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, ncha hadi kisigino. Wimbo ukiisha, mmoja huketi ukingoni, akang'oa kipande kilicholegea, akakata kingine kwa meno, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika. Kisha huinuka, maana wimbo unaofuata umekwisha kuanza. Stesheni iko dakika tatu kutoka hapo, na treni zipo hadi karibu usiku wa manane.